Baridi ya ziwa na moyo wa mtu aliyezama

Ukitoka Bunia, ukapita Bogoro na kuteremka ule mlima mpaka Kasenyi, unashuka kutoka mita karibu 1,275 juu ya bahari mpaka mita karibu 619. Jasho linaanza hata mbele ya kuona maji. Ziwa Albert juu juu liko na joto la digri 27 mpaka 29 hivi, na watoto wanaoga humo asubuhi mapema bila kulia. Njo maana ukimwambia mtu wa kule kwamba baridi ya maji inaweza kufika mpaka ku moyo, atakucheka: «Baridi gani? Hapa ni Ulaya?» Yuko na haki, lakini nusu tu. Na ile nusu anayokosa inatugharimu, juu watu wa Ituri wanavuka hili ziwa kila siku, wengine kwa biashara, wengine kwa kukimbia vita, na mitumbwi inapinduka.

Mimi nilisoma agronomi, si udaktari. Nilianza kutafuta mambo haya kwa sababu kazi ya shamba ilinipeleka kukaa kando ya ziwa, na kule niliona kitu ambacho nitakisimulia hapa chini. Kilichonishangaza ni kwamba hesabu ya moyo na baridi inafanana sana na ile tuliyosoma juu ya mahindi.

Tuanze na joto lenyewe. Mwili wetu unakaa ku digri 37 hivi. Maji ya digri 27, hata kama mkono unayasikia ya vuguvugu, yako chini ya mwili kwa digri 10, na maji yanabeba joto haraka karibu mara 25 kuliko hewa. Mtu asiye na nguo, aliyetulia ndani ya maji, anahitaji maji ya digri 33 mpaka 35 hivi kusudi joto linalotoka lilingane na joto ambalo mwili unatengeneza. Chini ya pale anakula akiba. Ku Ziwa Albert akiba inaenda polepole, ni mambo ya masaa, si ya dakika. Lakini inaenda. Ukiogelea kwa nguvu inaenda zaidi, juu kila mara unaleta maji mapya ku ngozi na unapeleka damu ya moto ku mikono na miguu. Na mtoto anapoa mbele ya baba yake, sawa vile kiazi kidogo kinapoa mbele ya kikubwa ukivitoa vyote ku chungu kimoja: ngozi ni mingi, nyama ya ndani ni kidogo.

Tarehe 22 Machi 2014 mtumbwi uliojaa kupita kipimo ulikuwa unarudisha wakimbizi wa kwetu kutoka kambi ya Kyangwali, Uganda. Ulipinduka ku ziwa hili. Upande wa Uganda walitoa majini maiti zaidi ya 100, na serikali ya Kinshasa ilitangaza vifo 251. Walikuwamo watoto wengi. Tena mwanzo wa mwaka 2018, vita ya Djugu ilipopamba moto, maelfu ya watu walivuka kwenda Hoima ku mitumbwi ya wavuvi.

Sisemi wale wa 2014 waliuawa na baridi. Walizama. Lakini mtu aliyeshika bido ya mafuta tupu katikati ya ziwa, usiku, upepo ukimpiga ku kichwa na mabega yaliyolowa, anapoteza joto saa kwa saa. Mbele ya moyo kuguswa, vidole vinalegea. Misuli ya mkono ikipoa haifungi tena vizuri. Bido inatoroka, na mtu ambaye angesubiri mpaka asubuhi anaenda chini. Njo hivi baridi ya kwetu inafanya kazi: inajificha nyuma ya kuzama, na hakuna anayeitaja.

Sasa moyo.

Waganga wanasema ipotermia pale joto la ndani ya mwili linashuka chini ya digri 35. Kati ya 35 na 32 ni ndogo, kati ya 32 na 28 ni ya kati, chini ya 28 ni kali. Ni joto la ndani tunasema, si la ngozi. Ngozi ya baridi peke yake haikwambii uko ku ngazi gani.

Ku ngazi ya kwanza moyo unapiga mbio. Mwili unatetemeka, mishipa midogo ya mikono na miguu inajifunga, damu inarudishwa katikati ambako kuna mambo ya lazima. Moyo unasukuma ku mishipa iliyobana, presha inapanda. Figo zinaona damu imekuwa mingi katikati, zinafikiri mwili uko na maji ya ziada, zinakojolesha. Kwa hiyo mtu aliye ndani ya ziwa masaa mengi anatoka mule akiwa na upungufu wa maji mwilini. Inachekesha kidogo, lakini ni kweli kabisa, na tutaona namna inavyomletea hatari.

Joto likishuka karibu ya 32, mambo yanageuka. Kutetemeka kunapungua mpaka kunaisha, na watu wa kando wanafikiri amepata nafuu. Hapana. Mwili umeacha kupigana. Moyo nao unaanza kuchelewa.

Juu ya nini unachelewa? Hapa mahindi yanaingia. Mbegu ile ile ukiipanda ku joto la Kasenyi na ukiipanda ku milima ya Djugu, ile ya mlimani inakawia kukomaa. Mmea hauna uvivu. Kemia ya ndani ya seli inafuata joto, na kwa kadiri kubwa, joto likishuka digri 10, ile kazi inashuka nusu ao zaidi. Moyo uko na sehemu ndogo, ku chumba chake cha juu upande wa kuume, ambayo njo inatoa amri ya kila pigo. Ile amri ni umeme mdogo unaozaliwa wakati chumvi za sodiamu, kalsiamu na potasiamu zinapita ku milango ya seli. Baridi inachelewesha ile milango kufunguka na kufungika. Ku digri 28 mapigo yanaweza kubaki nusu ya kawaida. Na kwa sababu shida iko ku kemia yenyewe, dawa ambazo waganga wanatumia siku zingine kuharakisha moyo hazisaidii kitu cha maana. Dawa ya kweli ni joto.

Kuchelewa peke yake si balaa, juu mwili uliopoa unaomba oksijeni kidogo pia. Ku digri 28 unatumia karibu nusu ya ile ya kawaida. Shida kubwa ni kwamba umeme hauchelewi sawasawa ku sehemu zote. Sehemu moja ya moyo imemaliza pigo, ingine bado iko ndani yake. Ku mashine ya kuandika umeme wa moyo hilo linaonekana kama kinundu kidogo kinachofuata mstari mrefu wa pigo. Wanakiita wimbi la Osborn, kwa jina la John Osborn aliyeliandikia mwaka 1953. Chini ya 32 vyumba vya juu vinaanza kupiga ovyo. Chini ya 28 vyumba vikubwa vya chini, vile vinavyosukuma damu mwilini, vinaweza kuingia ku fibrilasio: misuli inatetemeka sawa mfuko uliojaa minyoo, haisukumi damu hata tone. Moyo wa namna hiyo unachokozeka upesi. Kumvuta mtu kwa nguvu, kumtupa chini ya mtumbwi, kumtikisa, inaweza kutosha.

Kuna tena hatari ya ule wakati wenyewe wa kumtoa ku maji. Mtu akiwa ndani ya maji wima, uzito wa maji unabana miguu na tumbo, unasukuma damu kwenda juu ku moyo. Ni kama soksi ngumu. Sasa mkimvuta kwa mikono, amesimama wima, ile soksi inavuliwa ghafla. Damu, ambayo tayari imepungua kwa mkojo, inashuka ku miguu. Moyo uliochelewa hauwezi kukimbia kufidia. Presha inaanguka, na mtu aliyekuwa anaongea na nyinyi ndani ya maji anazimia ao anakufa mikononi mwenu. Wataalamu wa uokoaji wa bahari wanajua jambo hili miaka mingi. Kama mtumbwi na mawimbi vinaruhusu, mlaze: apite ku ukingo wa mtumbwi akiwa amelala, na abaki amelala.

Mpaka hapa nimeongea juu ya mtu aliyepoa akiwa bado anapumua. Aliyezama kichwa chini ya maji ni habari ingine, na kuchanganya hawa watu wawili njo kosa kubwa ninaloliona.

Kwa aliyezama, moyo hausimamishwi na baridi. Unasimamishwa na kukosa hewa. Maji yanaziba njia, oksijeni ya damu inaanguka, moyo unakimbia kidogo, kisha unachelewa, kisha umeme unaendelea lakini msuli hausukumi, kisha kimya. Yote ndani ya dakika chache. Ubongo unaanza kuharibika baada ya dakika 4 mpaka 6 hivi bila damu. Ndani ya zile dakika, ku maji ya digri 27, joto la ndani ya mwili halijapata nafasi ya kushuka hata kidogo cha maana.

Utaniuliza: na zile habari za watu waliokaa chini ya barafu wakafufuka? Ni za kweli. Mwaka 1999 huko Norwe, karibu na mji wa Narvik, daktari kijana wa Uswidi alianguka ku mto wakati wa kuteleza ku theluji, akakwama chini ya barafu dakika 80. Walipomfikisha hospitali ya Tromsø joto lake la ndani lilikuwa digri 13.7. Walimpasha damu kwa mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, akapona, akarudi kazini. Lakini soma vizuri: alipata nafasi yenye hewa chini ya barafu na alipumua karibu dakika 40 mbele ya moyo kusimama. Alipoa kwanza, akakosa hewa baadaye. Wakati moyo uliposimama, ubongo wake ulikuwa umekwisha kulala, haukuomba kitu. Kwetu mpangilio ni kinyume: hewa inaisha kwanza, baridi inafika nyuma, ubongo umekwisha kuungua. Wataalamu wawili wa Uingereza, Mike Tipton na Frank Golden, walipendekeza mwaka 2011 kwamba ku maji yanayopita digri 6, aliyekaa chini ya maji zaidi ya dakika 30 ni vigumu sana kuokoka. Ku maji ya digri 6 na chini, mpaka huo wanausogeza mpaka dakika 90. Hakuna ziwa letu lolote la digri 6. Kivu yenyewe, iliyo juu ku mita karibu 1,460, iko na digri 23 ao 24 hivi juu juu.

Waganga wa nchi za baridi wana hata namna ya kujua kipi kilitangulia, na sisi wa agronomi itatufurahisha: wanapima potasiamu, ile K ya ku mfuko wa NPK. Potasiamu ya mwili kwa wingi inakaa ndani ya seli. Seli ikifa kwa kukosa hewa, inaachilia potasiamu ku damu. Mtu aliyepoa vizuri mbele ya kukosa hewa, potasiamu yake haijapanda sana. Ikipita milimoli 12 ku lita moja, wanajua kwamba alikufa kwanza, akapoa baadaye, na kumpasha hakutamrudisha.

Mfano wa karibu na sisi ni meli MV Nyerere, iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Viktoria, tarehe 20 Septemba 2018. Watu zaidi ya 200 walikufa. Karibu siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi wa mitambo mmoja akiwa hai. Alikuwa amejifungia ku chumba chenye hewa. Ku maji ya barafu asingefika hata asubuhi ya kwanza. Ku maji yetu, mtu aliye na hewa ana muda mrefu, na mtu asiye na hewa ana dakika chache.

Sasa ile niliyoahidi kusimulia. Ku kambi moja ya wavuvi walitoa kijana mmoja majini, hapumui. Walimshika miguu, kichwa chini, wakamtikisa kusudi maji yatoke. Kisha mtu mzima mmoja akamlalia ku tumbo. Mwingine akaleta kaikpo wamsugue nayo kifua. Mama mmoja alikuwa anasema, «Mumupashe moto, mwili iko baridi!» Wote walikuwa wanampenda yule kijana, na wote walifanya ile waliyoona wakubwa wao wakifanya. Lakini ndani ya muda wote ule hakuna aliyempulizia pumzi hata moja. Hakurudi.

Maji ya ku mapafu hayatoki kwa kumgeuza, mengi yanaingia ku damu yenyewe. Yanayotoka ni ya tumbo, na yakitoka yanaweza kurudi ku mapafu pamoja na chakula. Aliyezama na hapumui, mlaze chali juu ya kitu kigumu, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 5 za kutosha kuinua kifua. Povu ikiwa mdomoni usipoteze muda kuifuta, inaendelea kutoka. Kama bado hapumui na hana dalili ya uzima, bonyeza katikati ya kifua mara 30, karibu sentimita 5 kwenda chini, kwa mwendo wa 100 mpaka 120 ku dakika, kisha pumzi 2, kisha tena 30, bila kuchoka, mkipokezana. Wengi wamesikia ku radio ao ku simu kwamba inatosha kubonyeza tu. Ile ni kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla barabarani, ambaye damu yake bado ina oksijeni. Damu ya aliyezama haina.

Kwa yule aliyeelea masaa mengi na anaonekana amekufa, ngumu, wa baridi, pumzi haionekani, chukua dakika nzima ya kuangalia pumzi na mapigo ya shingo. Moyo wa digri 28 unaweza kupiga polepole na kwa uzaifu, kidole cha haraka hakiusikii. Usipopata kitu ndani ya ile dakika, anza pumzi na kubonyeza sawa nilivyosema. Kufika joto hili ku Ziwa Albert ni kwa nadra, sitaki kudanganya mtu, lakini mtoto mdogo ao mzee aliyekaa usiku kucha ku maji na upepo anaweza kukaribia.

Anayepumua, mtoe nguo zilizolowa ukizikata ikiwezekana kuliko kumvuta-vuta, mpanguse, mfunike na kitenge kavu ao blanketi, kichwa pia. Joto liende ku kifua na kwapani: chupa za maji ya moto zilizofungwa ku nguo, ao mwili wa mtu mwingine ngozi kwa ngozi, sawa wamama wanavyofanya ku materinite na watoto waliozaliwa mbele ya wakati. Mikono na miguu muiache, msiisugue. Ukifungua mishipa ya nje mapema, presha inashuka, na damu ya baridi iliyokaa kule inarudi ku moyo ambao tayari unachokozeka. Kaikpo na lotoko zinafanya kosa lile lile kwa njia ya mdomo: anasikia joto ku ngozi, ndani anazidi kupoa. Chai ya sukari ni muzuri kama yuko na akili timamu na anaweza kumeza mwenyewe.

Kisha safari. Kwa desturi yetu mgonjwa anapakiwa ku moto, katikati ya dereva na ndugu anayemshika, amekaa wima, na barabara ya kupanda mlima ni mashimo. Kwa malaria hiyo inaweza kupita. Kwa mtu aliyepoa, ni kukaa wima na kutikiswa kwa pamoja, vitu viwili ambavyo moyo wake hauvumilii. Kipoyi ya miti na blanketi mpaka ku kituo cha afya cha karibu ni bora, hata kama inachelewa kidogo, ao gari yoyote ambamo anaweza kulala.

Na aliyekunywa maji ya ziwa, hata akisimama, akicheka na kuomba chakula, asirudi nyumbani moja kwa moja. Mapafu yaliyoguswa na maji yanaweza kuanza kujaa baada ya masaa. Aangaliwe masaa 6 mpaka 8 mahali penye infirmie, na mwambieni yule infirmie mambo matatu: alikaa chini ya maji dakika ngapi, alikuwa anapumua ao hapana mlipomtoa, na ilikuwa saa ngapi.